Kilo ya Pamba na Kilo ya Mchanga

Neno kupima lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mshonaji hupima kiuno, tabibu hupima homa, wenye mashamba hupima mipaka, mwenye duka hupima sukari, na mtu mwenye busara hupima maneno kabla hayajamtoka kinywani. Sisi tunaosomesha ushairi tuna mizani yetu pia, lakini haina sahani wala mawe. Ni hesabu ya silabi tu, nane kwa nane, na ubeti uliotimia mizani waweza kuwa mwepesi kama unyoya. Mizani ya namna hiyo nimeisomesha kwa miaka kumi na mitano. Nitakayoieleza hapa ni ile nyingine, yenye sahani, na wanafunzi wake ni watoto wa darasa la sita katika shule moja ya msingi iliyo mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mji wa Bariadi. Nalikaa nyuma ya darasa lao siku tatu, mwishoni mwa mwezi wa Mei, wakati msimu wa kuuza pamba ulipokuwa umekwisha funguliwa.

Msomaji asiyefika Bariadi hana budi kuelezwa habari ya nchi yenyewe, maana bila hiyo hataona kwa nini somo la kilo na lita liwe na moto wowote ndani yake. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, na upande wa Bariadi wazee bado huiita nchi yao Ntuzu. Ni nchi ya mbuga pana, na udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mto ulioupa mkoa jina lake huelekea Ziwa Victoria na kuingia katika Ghuba ya Speke. Watu hulima mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu, nao hufuga ng'ombe. Walakini fedha ya bati, ya sare za shule na ya dawa, kwa vizazi kadhaa sasa, imetoka katika pamba. Na pamba haiuzwi kwa debe wala kwa fungu. Huuzwa kwa mizani. Mkulima hufanya kazi miezi saba au minane, na kazi yote hiyo huishia katika dakika moja ya kutazama namba.

Kwa hiyo mizani katika nchi ile ina historia yake, wala si historia ya shuleni. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliamini kabisa ya kuwa wanunuzi wa pamba wanawapunja. (Kupunja ni neno letu kamili kwa kazi hiyo, halitaki maelezo.) Wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe upya kwa macho ya mtu wao, na mnunuzi ajue ya kuwa mwenye mali anayo hesabu yake mkononi. Katika manung'uniko hayo ya mizani, pamoja na mengine, ndimo mlimopata nguvu umoja wa wakulima ambao kijana Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Na mwaka 1955 vyama vile vikaungana kuwa muungano mkubwa wa ushirika uliojulikana kwa herufi zake, VFCU. Bomani mwenyewe akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962. Sidhani kama ni kutia chumvi kusema ya kuwa sehemu moja ya siasa ya uhuru katika kanda ile ilianzia kwenye ndoana ya mizani. Yaliyofuata nayapita upesi: muungano ule ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1960, vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 mlango ukafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Siku hizi pamba hupita katika vyama vya msingi vya wakulima, na mizani za kidijitali zimeingia mahali pengi palipokuwa na zile za rula. Kila mabadiliko yalikuja na ahadi ile ile ya kipimo cha haki.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, naye alikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, jeusi, la ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Alilipeleka zahanati, akaomba lipimwe, akaambiwa ni kilo 12; akalitia alama ya msalaba kwa tindo, na tangu siku ile halikutumiwa kwa kazi nyingine yoyote, hata kuzuia mlango. Msimu mmoja katikati ya miaka ya 1990 nalipanda naye mkokoteni kwenda kuuza. Alipofika kwenye kituo alisalimia, akaomba kwa adabu zote, "Bwana, nisaidie kwanza kupima jiwe langu." Jiwe likatundikwa. Mizani ikasema kilo 10 na nusu. Mnunuzi hakutahayari, alisema jiwe limepungua kwa sababu ya jua. Watu walicheka, wengine wakiwa wamekwisha uza asubuhi ile ile. Baba hakucheka wala hakugombana. Alipakia marumbesa yake upya, tukaenda kituo kingine, tukafika usiku. Njiani alinifanyia hesabu: katika kila kilo nane, moja haionekani. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini alijua jambo ambalo wengi wenye elimu hawalikumbuki, ya kuwa mizani nayo hupimwa.

Sasa nirudi darasani. Mwalimu ni kijana wa miaka thelathini au karibu na hapo, mzaliwa wa Maswa. Watoto ni 81. Nilipoingia walisimama wote, wakasema, "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti moja iliyovuma kama bati wakati wa mvua, nami nikaitika marahaba nikatafuta pa kukaa. Shule haina mizani. Mwalimu alikuwa ametengeneza yake: fito moja iliyonyooka, tundu katikati, kamba kutoka kwenye boriti, na vifuniko viwili vya ndoo vilivyofungwa kwa nyuzi tatu tatu. Mawe ya mizani hakuwa nayo, wala hakuyahitaji. Watoto huja shuleni na maji ya kunywa katika chupa za plastiki, na chupa ya lita moja, ikijaa maji, ina kilo moja ndani yake. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Kwa vipimo vidogo alinunua katika duka la dawa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita kumi za maji ni gramu kumi. Mnyonge wa vifaa alikuwa tajiri wa vipimo.

Huu si ujanja wa umaskini tu. Wafaransa walipokuwa wakitunga vipimo vyao vipya katika miaka ya 1790 walifanya jambo lilo hilo. Kilogramu walikusudia iwe tungamo ya maji yanayojaza kisanduku chenye sentimita kumi kila upande, yaani lita moja. Baadaye maji yakaachwa, likatengenezwa pande la madini, na tangu mwaka 1889 pande la platini na iridi likawekwa karibu na Paris kuwa kilogramu ya dunia nzima, hata tarehe 20 Mei 2019, ilipoanza kufafanuliwa kwa namba thabiti ya maumbile ambayo haitegemei kipande chochote cha chuma. Mwalimu wa Bariadi, kwa hiyo, alikuwa nyuma ya wataalamu wa Paris kwa miaka mia mbili na zaidi. Lakini alikuwa sahihi kwa kadiri soko la pamba linavyohitaji, na kila mtoto aliweza kuiona kilo ilikotoka.

Somo la kwanza lilikuwa la ujazo, nalo lilikwenda kwa wepesi, maana ujazo ni mtoto wa nyumbani katika lugha yetu. Jina lenyewe limetoka katika kujaza. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi, karibu nusu galoni. Na walijua kutofautisha pishi iliyofurika na pishi ya mfuto, iliyopanguswa juu ikawa sawasawa na ukingo. Haba na haba hujaza kibaba. Haikusemwa ya kuwa huongeza uzito wa kibaba. Bara likaja debe, lile bati la mafuta la galoni nne, ambalo limeingia katika maisha yetu hata likawa kipimo cha mahindi, cha udongo na cha maji. Watoto wa Bariadi walijua yote haya kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Walijua kopo la karanga lililobonyezwa tako lake ndani. Walijua ndoo ya lita 20 na ile isiyofika. Walijua lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu ili libebe zaidi ya haki yake, ingawa sheria haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Mtoto mmoja alieleza namna ya kumwaga michembe ndani ya kopo ili vipande visimame wima viachie nafasi, na alieleza kwa ufundi hata mwalimu akamwuliza anauza wapi.

Hapa nataka kutia neno kwa ajili ya wale wanaodhani ya kuwa mtoto wa kijijini huja shuleni bila fikira za kipimo. Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha ya kuwa watoto wadogo, maji yakimiminwa kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba, hudhani yameongezeka kwa kuwa yamepanda juu. Katika miaka ya 1960 jaribio hilo likapelekwa Senegal, kwa watoto wa Kiwolofu. Mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Patricia Greenfield, aliona ya kuwa wengi wa wale wasiosoma shule walijibu maji yameongezeka maadamu mtafiti ndiye anayemimina. Mtoto alipomimina kwa mkono wake mwenyewe, majibu yakabadilika sana, wakasema maji ni yale yale. Na huko Liberia, katika miaka hiyo hiyo, John Gay na Michael Cole waliwauliza watu wazima wa Kikpelle wakadirie ni vikombe vingapi vya mchele vilivyomo katika bakuli. Wakulima wale wasiojua kusoma wakawashinda kwa mbali Wamarekani waliosoma. Nayasema haya kwa sababu mwalimu wetu, ambaye hajapata kusikia majina hayo, hakumimina tone moja mwenyewe. Watoto 81 walimimina, wakalowanisha sakafu, wakalowana wao, na kelele zikafika hata ofisi ya mwalimu mkuu.

Ugumu ulianza siku ya pili. Mwalimu alijaza chupa tatu za lita moja: moja mchanga mkavu, moja mahindi, moja pamba yenye mbegu zake, iliyotiwa bila kushindiliwa. Zilikuwa na ujazo mmoja. Kwenye mizani ya fito, mchanga ulizidi kilo moja na nusu. Mahindi yalikuwa kama robo tatu. Pamba haikufika gramu mia. Kisha akauliza lile swali la zamani: kilo ya pamba na kilo ya mchanga, ipi nzito? Darasa likagawanyika. Nusu walipiga kelele kuwa ni mchanga. Binti mmoja wa mstari wa mbele alisema zi sawa, lakini kilo ya pamba "ni kubwa." Mwalimu akamwomba arudie. Akasema, "Ni sawa, mwalimu, ila ya pamba ni kubwa." Hapo ndipo palipotakiwa neno.

Nami niliye mwalimu wa lugha nikawa nimekaa pale nikisubiri kuona litatoka lipi. Kiswahili cha sayansi kina tungamo kwa wingi wa kitu chenyewe, na uzito kwa nguvu ambayo ardhi hukivuta nayo. Sokoni tofauti hiyo haipo, na sioni sababu ya kumlazimisha mwenye duka aseme tungamo ya sukari. Watoto waliipokea kwa njia ambayo sikuitazamia. Karibu wote walipimwa uchanga wao kliniki, wakining'inizwa katika mizani ya saa na kamba zake. Wengi wamewaona wadogo zao wakilia humo. Mwalimu aliwaambia ya kuwa mizani ile ina springi inayovutwa; lau ingepelekwa mwezini, mtoto wa kilo sita angeonekana wa kilo moja, maana mwezi huvuta kwa sehemu moja ya sita tu. Bali mizani ya fito ingesema ukweli ule ule huko na huku, kwa sababu maji na mtoto hupunguziwa sawasawa. Mvulana mmoja alitaka kujua mama angeandikiwa nini katika kadi. Swali zuri, nalo halikupata jibu, kwani kengele ililia.

Lakini hilo la tatu, uhusiano wa tungamo na ujazo, halijapata jina moja. Wapo wasemao densiti na wapo wasemao msongamano. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi ya wale waliokaa kuyatunga maneno yale naistahi sana. Walakini kamusi haikai juu ya dawati la mtoto wa darasa la sita. Mimi ni mshiriki wa msongamano. Mtoto aliyepanda daladala siku ya gulio anajua msongamano ni nini: gari ni lile lile, viti ni vile vile, watu wameongezeka. Mwalimu alilithibitisha kwa mti. Alichukua chupa ya pamba akaishindilia kwa kijiti, akaongeza, akashindilia tena, hata chupa iliyobeba gramu zisizofika mia ikabeba mara mbili na zaidi. Ujazo haukubadilika. Kisha akawaambia ndiyo kazi ya mashine kule kinuni: pamba iliyochambuliwa hugandamizwa hata ikawa robota, na robota la desturi ya zamani Afrika ya Mashariki lilikuwa la ratili 400, yapata kilo 181, kitu ambacho kikiachiwa huru hujaza chumba.

Baada ya kipindi alinijia ubaoni. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye lugha," akasema. "Niwaandikie lipi?" Nikamwambia msongamano, nikamweleza sababu zangu. Akasikiliza. Akasema mtihani waweza kuja na densiti, na mtoto asiyelijua akapoteza alama. Basi akaandika yote mawili. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko hoja zangu. Binti yule wa "ya pamba ni kubwa," akasema, akifaulu atakwenda kidato cha kwanza, na huko kila somo isipokuwa Kiswahili husomeshwa kwa Kiingereza. Ataulizwa jambo hili hili analolijua, kwa maneno asiyoyajua, na atanyamaza. "Nimewaona wengi," akasema. "Hurudi likizo wakiwa wamenyamaza." Nimeandika makala mbili tatu juu ya lugha ya kufundishia, zenye takwimu, katika zote hamna sentensi iliyo nzito kama hiyo.

Faida ya msongamano haikuishia kwenye chupa. Mwalimu aliwauliza mahali wanapouona, na majibu yakaja kwa fujo. Mafuta ya mbegu za pamba huelea juu ya maji, maana lita yake haifiki kilo. Asali huzama, na lita yake ni karibu kilo moja na gramu mia nne. Hivyo anayenunua asali kwa kilo na kuuza kwa lita na ajihesabie vema. Maziwa yana uzito kidogo tu kupita maji, kama gramu thelathini kwa lita, na kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa ya mfugaji kazi yake ni kuitafuta tofauti hiyo ndogo. Mwenye kuongeza maji huipunguza, na kioo huzama zaidi. Mtoto mmoja akataja dhahabu. Wachimbaji wadogo wapo katika wilaya, na watoto wamewaona wakizungusha karai: mchanga hutoka na maji, dhahabu hubaki chini, kwa sababu ina tungamo mara kumi na tisa na zaidi ya maji ya ujazo uo huo, na jiwe la kawaida halifiki mara tatu.

Hapo mwalimu akafanya jambo ambalo halikuwa katika andalio lake la somo. Alichukua ile chupa ya mchanga mkavu, akauliza kama imejaa. Imejaa, wakasema. Akampa mtoto maji ayamimine polepole. Yaliingia. Yaliingia mengi, zaidi ya theluthi ya lita, na mchanga haukupanda hata unene wa ukucha. Chupa iliyokuwa ya kilo moja na nusu na kidogo ikakaribia kilo mbili. Maji yalikuwa yamechukua nafasi ya hewa iliyokuwa katikati ya punje. Darasa lilikuwa kimya. Mvulana wa nyuma, karibu nami, akasema bila kunyosha mkono, "Ndiyo maana mashimo huanguka wakati wa mvua." Mwezi wa Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, ardhi iliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu 22 wakafa chini yake. Mwalimu alimjibu kwa upole ya kuwa ndiyo, udongo uliolowa huwa mzito zaidi, na tena hupoteza nguvu ya kushikamana. Hakuongeza lingine, wala hakuwauliza ni nani mwenye ndugu huko.

Siku ya tatu ilikuwa ya pamba, na ndiyo siku niliyoijia. Mwalimu alihitaji nusu kilo. Mvulana mmoja alijitolea kuileta kutoka kwao, kwa sharti irudi. Walipoipima, mwalimu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu afanye nini ili nusu kilo hii iwe zaidi. Kimya cha kwanza kilikuwa cha aibu. Kisha wakasema, mmoja baada ya mwingine: maji. Mchanga. Chumvi, kwa sababu chumvi hushika unyevu. Mvulana mwenye pamba akasema, wala hakushusha macho, "Sisi humwagia maji usiku." Baadhi walicheka. Mwalimu hakumkemea na hakumsifu. Nami najua, kwa kuwa nimekulia huko, ya kuwa nyumba inayomwagia maji si lazima iwe nyumba ya wezi. Mnunuzi hupunja kwa kuwa anajua pamba ina maji. Mkulima hutia maji kwa kuwa anajua mizani inapunja. Na kila mmoja amelipiza kabla ya kukosewa. Anayepotea ni yule mwenye pamba kavu, ambaye hukatwa kwa dhambi ya jirani.

Wakanyunyizia maji mililita mia, kwa chupa, wakapima: gramu 600. Wakazidisha wenyewe. Kwa kilo 200 za nyumbani, hizo ni kilo 40 za maji, na macho yakawatoka. Mwalimu aliwaacha wafurahie hesabu hiyo kwa muda. Kisha akatandaza pamba juani na kuendelea na somo la jiografia. Alasiri walipima tena, ikarudi nusu kilo, upungufu wa gramu mbili tatu. Akawaeleza ya kuwa ile isiyoanikwa, iliyofungwa ikiwa mbichi, hupata joto ndani ya rundo. Mbegu huoza, nyuzi huingia umanjano, na iliyokuwa pamba safi huitwa fifi na bei yake hushuka, wala si ya mmoja tu, maana ghalani zote hulala pamoja.

Akauliza: bila kuigusa, bila kuifungua, utajuaje ya kuwa gunia lina maji au mchanga? Wengi walisema haiwezekani. Yule binti wa mbele alifikiri kwa muda mrefu, huku akitazama zile chupa tatu za jana. Akasema magunia yote ni ya ukubwa mmoja na hushindiliwa kwa miguu ile ile. Kama yote yana kilo fulani na moja limezidi sana, ndani yake mna kitu. "Na kama yote yamezidi?" mwalimu akauliza. "Basi wote wametia," akasema, na darasa likaangua kicheko. Kisha akasema, "Au mizani ina kasoro. Tupime jiwe." Hakuna aliyemwambia habari za jiwe.

Mwalimu aliwaruhusu. Chupa zikarudishwa kwa wenyewe, kwani ndizo walizobebea maji ya kunywa. Mvulana aliitia pamba yake katika sweta, akaikunja. Kisha akaifungua tena, akaiweka juu ya kifuniko cha mizani upande mmoja na chupa ya nusu lita upande wa pili, akangoja fito itulie. Ilitulia sawa. Akafunga sweta, akanitolea shikamoo ya kuagana, akashika njia ya kwao.